Soketi ya kwenye buti la Outlander na giza letu

Ijumaa usiku ya tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima ilizimika. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia gizani, na wako waliofika Jumamosi mchana stima hazijarudi. Miezi michache baadaye sisi Tanzania tulikuwa ndani ya mgao wa umeme, tukisubiri mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, ambao ulianza kuzalisha Februari 2024. Hapana shaka kwamba katika usiku ule wa Nairobi, na katika mgao ule wa Dar es Salaam, zilikuwapo nyumba zenye mtambo wa umeme umeegeshwa uani, tangi lina mafuta, betri ina chaji, na wenye nyumba wamekaa sebuleni wanamulika kwa tochi za simu.

Nazungumzia magari ya haibridi ya plagi, yaani yale yenye injini ya petroli na pia betri kubwa inayochajiwa kwa umeme wa nyumbani. Lililo maarufu kati ya yanayotufikia kutoka Japani ni Mitsubishi Outlander PHEV. Fungua buti lake utazame ubavuni: pana kifuniko kidogo cha plastiki, na chini yake soketi ya matundu mawili bapa, imeandikwa AC100V 1500W. Nyingine iko nyuma ya kisanduku cha katikati ya viti vya mbele, karibu na magoti ya abiria wa nyuma. Soma matangazo ya kuuza magari haya. Utaelezwa habari za rimu, kamera ya nyuma, viti vya ngozi na skrini. Soketi ile haitajwi, na wengi waliolinunua gari wanadhani ni ya kuchajia simu.

Kwa familia ambayo tayari inahitaji gari, nadhani soketi hiyo ni akiba ya umeme iliyo bora kuliko jenereta ndogo ya dukani. Tunaipoteza kwa sababu hakuna anayetufundisha kuitumia, na wachache wanaojaribu wanaweza kujaribu kwa njia inayoua.

Wajapani walijifunza thamani yake kwa machungu. Tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 viliacha miji ya kaskazini mashariki bila umeme na bila petroli. Mitsubishi ilipeleka magari yake madogo ya umeme, i-MiEV, kwa sababu umeme katika sehemu nyingi ulirudi kabla ya mafuta. Yalisaidia kubeba watu na dawa, lakini yalikuwa na betri iliyojaa na hayakuwa na njia ya kuwasha hata jiko la wali. Mwaka uliofuata kampuni ikatoa kisanduku cha kuchomeka kwenye i-MiEV chenye uwezo wa wati 1500, na Outlander PHEV lilipoingia sokoni Japani Januari 2013, uwezo huo ulikuwa umejengwa ndani ya gari lenyewe. Toyota walikuwa wametangulia: Estima ya haibridi ya mwaka 2001 ilikuwa na soketi ya wati 1500, ingawa wakati huo watu waliiona kama anasa ya kwenda nayo matembezini. Septemba 2019 kimbunga Faxai kilipoangusha minara ya umeme mkoani Chiba, zaidi ya nyumba 900,000 zilikatika na baadhi zilikaa zaidi ya wiki mbili. Safari hii magari ya umeme na ya haibridi yalipelekwa kwenye vituo vya wazee na kumbi za mitaa, yakaendesha feni, friji na chaja za simu.

Siri ya gari hili iko katika namna betri na injini zinavyogawana kazi. Betri peke yake si kubwa kiasi cha kutisha.

Betri ya Outlander ya kwanza ni ya kilowati-saa 12. Kwa lugha ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, hizo ni yuniti 12. Gari halikuruhusu kuzitumia zote, maana kiasi fulani hubakizwa ili injini iweze kuwashwa na betri isiharibike. Kwa gari jipya hesabu yuniti nane hivi. Sasa hesabu matumizi ya nyumba ya kawaida usiku wa giza. Friji ya wastani hula yuniti moja hadi moja na nusu kwa siku nzima. Taa tano za LED kwa jioni nzima hazifikishi robo yuniti. Feni mbili usiku kucha, yuniti moja. Televisheni kwa saa nne na ruta ya intaneti, nusu yuniti au zaidi kidogo. Jumla ni kama yuniti tatu. Gari lenyewe likiwa limewashwa nalo hula sehemu yake, lakini usiku mmoja unapita bila injini kuguna hata mara moja.

Betri ikifika chini, injini inajiwasha. Inazunguka kwa muda, inairudishia betri chaji, kisha inazima na kimya kinarudi. Jenereta ndogo haiwezi kufanya hivi. Jenereta ya kawaida ya kilowati mbili lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika muda wote ili itoe umeme wa hezi 50, yaani unaogeuka mizunguko 50 kwa sekunde, iwe inaendesha pasi au taa moja ya chooni. Ukiiachia friji, taa na feni, mzigo wa wati 200 hivi, bado itakunywa karibu nusu lita kwa saa. Kuanzia magharibi hadi alfajiri, saa 12, ni lita sita kwa umeme usiofika yuniti mbili na nusu. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita: umelipa shilingi 18,000 kwa usiku mmoja, pamoja na kelele zilizowanyima usingizi majirani pande zote mbili. Gari lililochajiwa mchana kwa umeme wa TANESCO, shirika letu la umeme, lingefanya kazi ileile kwa umeme wa shilingi elfu moja na kitu, maana mteja wa kawaida hupata yuniti 28 hivi kwa shilingi elfu kumi.

Umeme ukikatika kwa siku nyingi hesabu inabadilika, na ni haki kusema hivyo. Mitsubishi wenyewe wanasema betri iliyojaa pamoja na tangi lililojaa, lita 45, vinatosha nyumba ya Kijapani kwa siku 10 hivi, kwa yuniti 10 kila siku. Ukiondoa za betri, zinabaki kama yuniti 90 kutoka lita 45, yaani yuniti mbili kwa lita. Kwa bei ile ya 3,000, kila yuniti inakugharimu 1,500, zaidi ya mara nne ya bei ya LUKU. Ni umeme ghali. Hakuna anayepaswa kuishi nao kila siku. Lakini nyumba yenye mgonjwa, au yenye insulini ndani ya friji, haihesabu hivyo siku ya tatu ya giza. Wazanzibari wanaokumbuka Desemba 2009, waya wa chini ya bahari ulipoharibika na kisiwa cha Unguja kikakaa karibu miezi mitatu bila umeme wa gridi, wanajua ni kitu gani hasa kilichoumiza: maji yalikosekana kwa sababu pampu zilisimama.

Na hapo kwenye pampu ndipo watu watakapovunjika moyo kwanza. Wati 1500 ni kidogo. Friji inaweza, hata kishindo cha kompresa inapoanza kinahimilika kwa friji ya kawaida. Pasi ya wati 1200 itawaka ukiwa umezima vingine. Lakini birika la umeme la wati 2000, jiko la umeme, hita ya kuogea na kiyoyozi cha kawaida sahau. Pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki, ile ya nguvu ya farasi mmoja, ina wati 750 kwenye karatasi, ila wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa ya hizo, na gari litajilinda kwa kukata umeme. Anayetaka maji anunue pampu ndogo zaidi, au ajaze simtanki mapema umeme ukiwapo. Mtu akikwambia gari litaendesha nyumba nzima, muulize anamaanisha nyumba ya nani.

Kikwazo cha pili ni volti. Japani hutumia volti 100, sisi 230 hadi 240. Ukichomeka friji yetu moja kwa moja kwenye soketi ya Outlander haitafanya kazi, na mota inaweza kuungua. Inatakiwa transfoma ya kupandisha umeme kutoka 100 hadi 230, nzito, ya uwezo wa kilovolti-ampea mbili au tatu ili isichemke friji inapoanza. Si transfoma zile ndogo tunazonunua kushusha umeme wa redio kutoka Japani, ambazo zinafanya kazi kinyume na hii na mara nyingi uwezo ulioandikwa juu yake ni wa kuvutia mteja. Na kwa kuwa Japani mashariki ni hezi 50 na magharibi ni hezi 60, angalia gari lako linatoa ipi, hasa kama unataka kuendesha mota. Taa na chaja za simu hazijali. Friji na feni zinajali kidogo.

Kuna watakaoona transfoma ni usumbufu wakatafuta njia ya kutegua waya za betri kubwa moja kwa moja. Nawasihi waache. Betri ile ni ya volti 300 za mkondo mnyoofu (DC). Haikupi nafasi ya kuachia mkono.

Kuna hatari mbili zinazonitia hofu zaidi.

Ya kwanza ni waya wenye plagi dume pande zote mbili. Fundi anatengeneza kwa dakika tano: upande mmoja unaingia kwenye transfoma, upande wa pili unachomekwa kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka kinyumenyume. Kila mtu anafurahi. Kisichoonekana ni kwamba umeme huo hauishii ukutani. Kama meni swichi haijazimwa, unatoka kwa waya wa mtaani hadi kwenye transfoma ya nguzo, na transfoma haijui upande upi ni wa kuingilia. Ile inayoshusha volti 11,000 kuwa 230 itapandisha 230 kuwa 11,000. Juu ya nguzo inayofuata yuko kijana wa shirika la umeme, amevaa mkanda, ameambiwa laini imezimwa, amenyoosha mkono. Mara nyingi mzigo wa nyumba za jirani utaliangusha gari kabla ya kufika huko, lakini mkiwa mmekatika nyumba yenu na jirani mmoja tu, hakuna cha kuliangusha. Umeme ukirudi ghafla nao utakutana na wa kwako, na hapo ni gari litakaloungua, au nyumba. Dawa yake ni swichi ya kubadili njia, mafundi wanaiita chenji ova, ambayo haiwezi kuunganisha pande mbili kwa wakati mmoja hata ukiilazimisha. Afunge fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka yetu ya udhibiti wa nishati, au ya EPRA kwa wenzetu wa Kenya, na atenge njia ya taa, friji na soketi chache tu. Asiyeweza gharama hiyo apitishe waya wa kurefusha dirishani hadi kwenye friji. Ni salama, na hakuna aibu.

Ya pili ni moshi usionuka. Watu wanaijua jenereta kwa kelele zake, kwa hiyo wanaiweka mbali. Gari hili linaanza kimya kabisa. Unaliegesha kwenye karakana iliyoungana na nyumba, unavuta waya, watoto wanalala. Saa tisa usiku betri inafika chini, na injini inajiwasha yenyewe, hakuna aliyeigusa. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Februari 2021, baridi kali ilipoangusha gridi ya Texas, watu walikufa hivi ndani ya nyumba zao, baadhi wakiwa wamewasha magari kwenye karakana ili wapate joto au wachaji simu. Outlander ni hatari zaidi kwa sababu linakupa saa nyingi za kuamini kwamba halina moshi. Liegeshwe nje, uwazi, bomba la moshi likitazama mbali na madirisha, na isiwe chini ya dirisha la chumba cha kulala cha nyumba ya jirani. Kwenye viwanja vyetu vya Sinza na Tandika, ambako ukuta unagusana na ukuta, hili peke yake linaweza kuwa sababu ya kusema hapana.

Wenye haibridi za kawaida, Aqua, Noah, Prius isiyo ya plagi, wataniuliza habari zao. Baadhi zina soketi ileile ya wati 1500, kama mnunuzi wa kwanza Japani aliilipia. Zinafaa, ila betri ya Aqua haifiki hata yuniti moja, kwa hiyo injini itawaka na kuzima usiku kucha. Kwa dharura ya saa chache ni nzuri, na moshi wake ni uleule.

Nikirudi kwenye pesa, simshauri mtu yeyote anunue gari kwa ajili ya soketi. Asiyehitaji gari, au mwenye gari zuri tayari, betri ya ukutani ya lithiamu ya yuniti tano pamoja na inveta yake itamfaa zaidi, na akiongeza paneli za sola atakuwa amelipita gari langu kwa mbali. Betri ya ukutani ina sifa moja ambayo gari haina: haiondoki. Mgao wetu wa mwaka ule ulikuwa unakuja mchana vilevile, na saa nne asubuhi gari la familia liko Posta au Kariakoo, limeegeshwa juani, huku friji ya nyumbani inayeyusha nyama. Familia yenye gari moja inayotegemea umeme wake lazima ikubaliane mapema nani anakwenda na daladala siku ambayo umeme haupo. Ndiyo maana naliona gari hili kama mshirika wa usiku, na hasa wa lile giza refu lisilotangazwa, ambalo betri ya ukutani huishiwa siku ya pili yenye mawingu. Nyumba yenye vyote viwili, betri ndogo ya kudumu na gari la kuja kuokoa, imekaa vizuri kuliko nyumba yenye jenereta na dumu la petroli chini ya ngazi.

Kwa anayekwenda kununua, mambo mawili yanatosha kumtofautisha na mnunuzi wa kawaida. Aombe picha ya soketi yenyewe, si ya buti, kwa sababu katika madaraja kadhaa ilikuwa ni ya kuongezewa kwa malipo, na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya si lazima yawe nayo. Na aombe kipimo cha uwezo wa betri uliobaki, maana gari la miaka minane au tisa limekwisha kupoteza sehemu ya zile yuniti 12, na muuzaji anayekataa kupima amekwisha kukujibu. Kuhusu hofu kwamba kuwasha nyumba kutaimaliza betri, sioni msingi wake. Betri hiyo imeundwa kusukuma mota mbili za kilowati 60 kila moja kupanda mlima, na hata kilowati moja na nusu, kikomo cha soketi, ni mzigo mwepesi kwake.

Ninachowalaumu wenye mamlaka ni ukimya. Magari haya yanapita bandari za Mombasa na Dar es Salaam, yanakaguliwa breki, taa na moshi, yanalipiwa kodi, na sijaona mwongozo wa Kiswahili, hata wa ukurasa mmoja, unaomfikia mnunuzi kumweleza kwamba gari lake linaweza kuwasha nyumba na kwamba linaweza kuua kwa namna hizi mbili. Shirika la umeme ndilo lenye maslahi ya kwanza, kwa kuwa wanaopanda nguzo ni watu wake. Na jambo hili litakua. Haibridi za plagi za Kichina zinazoanza kuingia Afrika zinatoka nchi ya volti 220 na hezi 50, kama sisi, kwa hiyo hazitahitaji transfoma, na baadhi zinatoa kilowati kadhaa badala ya moja na nusu. Outlander la kizazi kipya, lililotoka mwishoni mwa 2021, lilianza na betri ya yuniti 20, na kwa sheria ya Kenya ya magari yasiyozidi miaka minane lina muda wa kutosha kushuka bei na kupanda meli. Usumbufu wa transfoma ndio unaowazuia wengi leo wasijaribu. Ukiondoka, plagi dume mbili zitakuwa kila mtaa.

Kwa hiyo anayejenga sasa hivi, kabla fundi hajapiga plasta, apitishe bomba la waya kutoka pale atakapoegesha gari, nje, hadi kwenye kisanduku cha breka, na aache nafasi ya chenji ova pembeni yake. Bomba ni la bei ndogo na ukuta bado uko wazi. Gari linaweza kuja baada ya miaka mitano.